Bahari Haiweki Alama

Msomaji wangu, ukitembea katika ufuko wa Malindi mpaka penye rasi ya mawe iingiayo baharini, utaiona nguzo ya Vasco da Gama, iliyobaki kuwa ushuhuda wa Wareno waliotia nanga hapa mwaka 1498. Ukienda Gede, msituni, utaona kuta za nyumba na msikiti wa watu waliokwisha kusahauliwa majina. Ukisimama Mnarani, juu ya hori la Kilifi, utaona kaburi lenye mnara ambalo karne nyingi hazikuliangusha. Nchi kavu ina tabia njema ya kutunza. Mtu akilaza jiwe juu ya jiwe, nchi hulishika jiwe lile mpaka mjukuu wa mjukuu wake aje kuliuliza habari.

Bahari haina tabia hiyo. Jahazi likipita, mkuku wake huandika mstari mweupe juu ya maji, na kabla mvuvi hajamaliza kuvuta nyavu zake mstari umefutika. Meli ikizama, maji hujifunga juu yake kama mlango usio na kitasa. Basi alama za mambo yaliyotukia baharini, kama hazikutiwa katika vitabu na katika vichwa vya watu, hazimo popote. Insha hii ni juu ya jambo moja la namna hiyo, na naiandika kwa kuwa nadaiwa.

Deni lenyewe lilianza hivi. Nilikuwa nikifundisha historia katika shule moja ya upande huu wa pwani. Tulikuwa tumefika Vita vya Pili vya Dunia, na ubaoni nilikuwa nimeandika Poland, London, Stalingrad na Hiroshima. Mwanafunzi mmoja, kijana mnyamavu aliyetoka bara ya Kilifi, alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, je, vita hivi vilifika kwetu?" Nilimjibu upesi, kama watu wajibuvyo wasipokuwa wamefikiri, "Hapana. Vilikuwa vita vya wakubwa, navyo vilipiganwa mbali." Darasa liliandika jibu langu katika madaftari. Kijana yule hakuandika. Alinitazama kidogo, kisha akainamisha kichwa.

Likizo ilipofika alinialika kwao. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, palikuwa na vijiti vya mti vilivyosimikwa ardhini, vingine vimevikwa vitambaa. Msomaji, kama hukulelewa miongoni mwa Wamijikenda, yakupasa kujua kwamba vijiti hivi huitwa koma, navyo husimamishwa kwa ajili ya jamaa waliofariki, ili wasihesabiwe kuwa wametupwa. Babu wa kijana yule alinionyesha kimoja kilichokuwa kimekwisha liwa na mchwa upande mmoja. "Mwalimu," alisema, "huyu ni baba yangu mkubwa. Wote hawa unaowaona wamelala katika ardhi hii. Yeye hayumo. Alikwenda na keya, upande wa mizinga, akapandishwa meli Kilindini. Tuliambiwa bahari imemchukua. Jina la meli hatukuambiwa."

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Mwalimu akosaye mbele ya darasa hana budi kusahihisha mbele ya darasa, na darasa lile limekwisha tawanyika. Kwa hiyo nimekuchagua wewe, msomaji, uwe darasa langu. Nisikilize.

Vita vilifika kwetu. Mwezi wa Oktoba 1940 ndege za Kiitalia zilikuja zikautupia mji wa Malindi mabomu. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon, manowari za Waingereza zilizokuwa huko zilirudi nyuma zikaja kufanya makao Kilindini. Mjini Mombasa, shule ya Allidina Visram iliacha kwa muda kuwa shule. Katika vyumba ambamo watoto walikuwa wakifanya hesabu, watu wazima waliketi usiku na mchana kusikiliza simu za upepo za Wajapani na kuzifumbua siri zake. Fikiri jambo hilo unapoketi katika dawati lako: katika vyumba kama hivyo, si mbali na hapa, yalifanywa mahesabu ambayo majibu yake yalikuwa uhai na mauti ya mabaharia.

Kwa nini siri zile zilitakiwa sana? Kwa sababu adui hakuonekana. Alikuwa akisafiri kwa nyambizi, yaani manowari izamayo. Nataka nikueleze habari za nyambizi moja tangu kuzaliwa kwake hata kufa kwake, maana bila ya hiyo huwezi kuielewa koma ile iliyo chini ya mwembe.

Jina lake lilikuwa I-27. Ilijengwa Sasebo, Japani, ikaingia kazini mwezi wa Februari 1942. Urefu wake ulikuwa mita 108, yaani zaidi ya urefu wa kiwanja cha mpira. Juu ya maji ilikwenda kwa mashine za dizeli, na iliweza kusafiri maili za baharini 14,000 bila ya kutia mafuta. Chini ya maji mambo yalikuwa mengine. Mashine za dizeli zinataka hewa kama mtu anavyotaka hewa; kwa hiyo ilipozama ilikwenda kwa umeme wa betri, na kwa mwendo wa pole wa maili tatu kwa saa haikuweza kupita maili mia. Betri zikiisha, haikuwa na hila ila kupanda juu, ivute pumzi na kuzijaza tena. Silaha yake kubwa ilikuwa topido, kombora lijiendeshalo lenyewe ndani ya maji, likabeba baruti mpaka ubavuni mwa meli.

Kazi yake ya kwanza kujulikana ilikuwa Australia. Usiku wa tarehe 31 Mei 1942, nyambizi kubwa tatu zilileta kila moja nyambizi ndogo ya watu wawili ili ziingie bandari ya Sydney. Ile iliyobebwa na I-27 ilinaswa katika wavu wa chuma uliotandazwa mlangoni mwa bandari, kama papa anavyonaswa katika jarife. Na watu wake wawili, walipoona hapana njia, walijilipua. Baadaye I-27 ilihamia Penang, katika nchi ya Malaya, na toka huko ikawa inawinda katika bahari hii yetu. Mwezi wa Machi 1943 iliizamisha meli Fort Mumford, na katika watu wote wa meli ile alisalimika mmoja tu. Mwezi wa Juni mwaka ule ule ilikwenda mpaka Maskati, bandari ambayo majahazi yetu yameijua tangu zama za mababu, ikaipiga meli Dah Pu ndani ya bandari yenyewe. Mwezi wa Novemba iliizamisha Sambo, kisha Sambridge, kisha Athina Livanos. Mkuu wake tangu mwaka ule alikuwa Toshiaki Fukumura, na sifa yake miongoni mwa wenziwe ilikuwa kubwa.

Sasa tuiache nyambizi baharini, turudi Kilindini.

Mwanzo wa Februari 1944, msafara wa meli tano za abiria uling'oa nanga ukielekea Colombo. Ulikuwa msimu wa kaskazi, na meli zilikwenda zikiukabili upepo ule ambao huyasukuma majahazi kuja kwetu. Mojawapo ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa kazi ya amani. Ilikuwa ya Wachile kwanza, kisha ya kampuni ya Misri, na vita vilipokuja ikafanywa meli ya kubeba askari. Safari hii ilibeba watu 1,511. Walikuwamo mabaharia, wauguzi wa kike na wanawake wa jeshi la majini. Lakini kundi kubwa kupita yote, karibu watu elfu moja, lilikuwa la askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika ya Mashariki. Walikuwa wakienda kuungana na wenzao waliokwisha kutangulia Ceylon, ili wote wapelekwe Bama kupigana na Wajapani.

Watu hawa walikuwa nani? Walikuwa vijana wa nchi zetu hizi, wengi wao wa umri uliokaribia wako, msomaji. Walitoka penye mawele na penye mahindi, penye minazi na penye malisho. Wengi walikuwa hawajapata kuiona bahari mpaka siku waliyoipanda. Walikuwa wamefundishwa kupima masafa, kulenga, na kuushika mzinga mzito kama mchezo wa mikono. Na lugha yao ya kuagizana ilikuwa Kiswahili hiki hiki unachokisoma.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, msafara ulikuwa umekaribia visiwa vya Maldivi. Bahari ilikuwa tulivu na jua kali. Ulilindwa na manowari kubwa Hawkins na manowari mbili nyepesi za mbio, Petard na Paladin. Saa nane na nusu mchana, watu wengi wakiwa chini ya sitaha, I-27 ilifyatua topido. Mbili ziliipiga Khedive Ismail. Chukua saa yako uihesabu: meli ile yenye watu 1,511 haikumaliza dakika tatu. Ililala ubavu, ikavunjika, ikaenda. Aliyekuwa sitahani aliweza kuruka, lakini waliokuwa chini hawakupata nafasi hata ya kuuliza kuna nini.

Mamia ya watu walibaki wakielea, wameshika mbao na vyelezo. Paladin ilishusha mashua ianze kuwaokota. Ndipo ilipojulikana jambo la kutisha: nyambizi ilikuwa imejificha chini ya watu wale wale waliokuwa wakielea.

Hapa nataka usimame nami, msomaji, wala usipite upesi. Nyambizi hupigwa kwa mabomu yatupwayo majini na kupasuka katika kina. Na mpasuko wake humwua mtu aliye ndani ya maji kama umwuavyo samaki avuliwaye kwa baruti. Mkuu wa Petard alikuwa na mambo mawili mbele yake, yote machungu. Akiwaacha watu waokolewe, nyambizi ingeweza kujongea ikazipiga meli nne zilizobaki, zilizojaa watu maelfu. Akiipiga nyambizi, atawaua wale wanaomtazama kwa matumaini. Alitoa amri mabomu yatupwe. Watu waliokuwa majini walimwona mwokozi akiwajia, kisha wakaona yanayotupwa toka nyuma yake.

Nimeulizwa mara nyingi na vijana, "Je, alikosa?" Nilikuwa na jibu fupi kwa swali hili pia, lakini nimejifunza kuyaogopa majibu yangu mafupi. Mtu aliyeketi kivulini na kalamu mkononi hawezi kumhukumu kwa urahisi mtu aliyesimama juani na maelfu ya roho mkononi. Hata hivyo najua mambo mawili. La kwanza, hesabu yake ilikuwa sahihi, maana meli nne zilifika salama. La pili, hesabu sahihi si sawa na jambo jema. Vita ni hali ambayo humlazimisha mtu mwema kutenda ovu na kulihesabu kuwa wajibu, kisha kuishi nalo siku zake zote. Akuambiaye kwamba vita ni ushujaa mtupu, mwulize ilikuwaje kwa wale waliokuwa kati ya bomu na nyambizi.

Mabomu yaliipandisha I-27 juu. Ilipigwa mizinga kwa muda mrefu bila kuzama. Paladin ilitaka kuigonga, ikaamriwa kuepa, na katika kuepa ilikwaruzana nayo ikapasuliwa ubavu. Petard ilifyatua topido moja baada ya nyingine. Sita zilikosa, ya saba ikapata. Nyambizi iliyokuwa imetembea toka Sydney mpaka Maskati iliondoka ulimwenguni kwa mngurumo mmoja, na katika watu wake aliokotwa mtu mmoja tu. Hao nao walikuwa na mama zao, na huko Japani nako waliambiwa kwamba bahari imewachukua.

Khedive Ismail ilipoteza watu 1,297. Waliookolewa walikuwa 214. Wanaume 208 na wanawake 6. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Siku ile tembo wa Mashariki na tembo wa Magharibi walipigana juu ya maji, na nyasi zilikuwa za kwetu.

Pengine utasema, "Hayo ni mambo ya zamani, nyambizi ya betri imekwisha pitwa na wakati." Kweli imepitwa, lakini si na amani. Miaka kumi na mmoja baada ya msiba ule, mwezi wa Januari 1955, nyambizi ya Marekani iitwayo Nautilus ilianza safari kwa nguvu za nyuklia. Ndani yake chembe za urani hupasuliwa kwa utaratibu, zikatoa joto. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha mashine. Moto huo hautaki hewa. Hivyo nyambizi ya namna hii haina haja ya kupanda juu kuvuta pumzi. Hukaa chini majuma na miezi, na kikomo chake ni chakula na uvumilivu wa watu. Tarehe 3 Agosti 1958 Nautilus ilipita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini ya dunia. Akili iliyoyatenda hayo ni ya kustaajabisha, na si haki kuinyima sifa yake.

Lakini tazama ilivyotumika. Tarehe 2 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, nyambizi ya Uingereza Conqueror, iendayo kwa nyuklia, iliipiga manowari ya Argentina General Belgrano. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nyambizi ya nyuklia kuzamisha meli ya adui vitani. Mashine yake ilikuwa mpya. Topido zake zilikuwa za muundo wa tangu kabla ya Vita vya Pili. Na msiba ulikuwa ule ule wa kale. Watu 323 walikufa. Toka betri mpaka nyuklia binadamu amepiga hatua kubwa sana, ila yule kijana aliye chini ya sitaha hakusogea hata hatua moja.

Mataifa yanayoizunguka bahari hii hayakunyamaza. Mwezi wa Desemba 1971, kwa pendekezo la Ceylon, Umoja wa Mataifa ulitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Ceylon, msomaji, ndiyo nchi ambayo askari wa Kikosi cha 301 hawakuifikia. Baadaye nchi za Afrika zilifanya Mkataba wa Pelindaba wa kuikataza silaha ya nyuklia katika bara letu; ulitiwa sahihi Cairo mwaka 1996, ukaanza kutumika mwaka 2009. Najua kwamba tangazo ni karatasi, na manowari za wakubwa zingali zikipita katika bahari hii, juu yake na chini yake. Lakini hata nguzo ya Malindi ilianza kwa jiwe moja.

Sasa narudi kwa mwanafunzi wangu. Katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, iko kumbukumbu ya Afrika ya Mashariki, na juu yake yameandikwa majina ya askari wa vita vile wasio na kaburi lijulikanalo. Nilikwenda nikasimama mbele yake asubuhi nzima. Niliyasoma majina ya koo za bara na za pwani, ya Kikristo na ya Kiislamu, yamepangwa kwa safu kama darasa lililoitwa mahudhurio. Kila jina nililolisoma lilinisuta, kwa kuwa nilikuwa nimelijibia kwa neno moja, "Hapana."

Nilimwandikia kijana yule barua. Nilimwambia kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko jibu langu. Kwamba vita vilifika kwetu, tena vilifika nyumbani kwao, vikaketi chini ya mwembe. Na kwamba jina la meli ambayo huenda ilimchukua jamaa yake lilikuwa Khedive Ismail. Alinijibu kwa maneno machache. Babu yake, aliposomewa barua, aliagiza kijiti kilicholiwa na mchwa kiondolewe, kisimikwe kipya cha mti mgumu.

Basi nami nimelipa sehemu ya deni langu, na sehemu iliyobaki nakuachia wewe. Unao wazee nyumbani, na kila siku ipitayo hupunguza wale wanaokumbuka. Waulize nani alikwenda asirudi, alikwenda wapi, na kwa amri ya nani. Andika jibu katika daftari lako, na mwalimu wako akikuambia kwamba jambo halikufika kwetu, mnyoshee mkono kwa adabu umwulize mara ya pili. Bahari haiweki alama. Lakini Mungu hakumwumba mwanadamu kuwa bahari.